Bodi Niliyoitoa Kwenye Mashine Yako

Baba Zuhura,

Assalamu alaykum, mume wangu. U hali gani huko? Jibu lake analo Mola peke yake, lakini nilizoea kukuuliza kila uingiapo mlangoni, na mdomo haujaacha. Sisi twashukuru. Nimechoka tu.

Tangu nitoke eda nafungua kibanda mwenyewe. Mtopanga nzima yajua ulinifundisha kushika bisibisi, na bado wateja huniuliza, "Fundi yuko wapi?" Huwaambia umetangulia, nimebaki mimi. Wengine huketi. Wengine husema watarudi.

Bwana Kilonzo alirudi. Yule karani wa ofisi ya mizigo kule Changamwe, uliyekuwa ukimtania, "Hiyo si kompyuta, ni mkeo wa kwanza, huiachi." Basi kompyuta ile kuukuu imeungua bodi, ile kubwa ya ndani inayobeba kila kitu. Mjini kote wamemwambia anunue mashine mpya, maana bodi za siku hizi matundu ya skrubu hayalingani na kasha lake, na plagi za umeme ni nyengine. Tajiri wake hataki kununua. Kasema mashine ikilala, na karani akalale kwake. Akaketi kwenye kiti chako, akasema polepole, "Mama Zuhura, nina watoto shuleni."

Bodi ya namna ile nilijua ilipo. Ilikuwa ndani ya mashine yako wewe, pale mezani, nilipoifunika leso.

Nguo zako tulizitoa sadaka zote, kama ada, nikavumilia. Hii nilijibakishia. Zuhura aliponiona naifungua aliniuliza, "Hata hiyo, Mama?" Nilisoma Fatiha, nikaanza na skrubu za nyuma, nikiziweka kwenye kisahani cha chai, vile ulivyokuwa ukiziweka.

Jana nikaenda Changamwe, nikaifunga. Ikawaka. Kilonzo alijifunika uso kwa viganja. Halafu akatazama kioo: "Mbona saa yake yaenda mbele?"

Ni wewe uliyeisogeza, adhana isikukute ungali umeinama kazini. Betri ya bodi ingali yaishika saa yako. Alitaka kuirudisha nyuma, nikamwambia, "Iwache, Bwana Kilonzo." Akanitazama, akaiwacha. "Basi," akasema, "mimi nitakuwa nawahi kutoka kazini." Nikacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Nyumbani sikucheka. Zuhura hajasema nami tangu jana. Anajibu "abee" nikimwita, basi.

Pumzika, mume wangu. Kibanda sitakifunga, nakuahidi, na dua zangu kwako hazitakoma. Lakini njoo ndotoni umwambie binti yako kwamba ungeitoa hata wewe. Na kama nimekosa, niambie mimi, usimwambie yeye. Nijibu upesi.

Mkeo,
Mama Zuhura