Nusu ya Kabati Iko Dunedin

Bryn Teg,
Llanidloes, Wales.
Jumamosi, 9 Machi 2024

Mpendwa Mama Mdogo Olwen,

Mama alisema jana mchana, jikoni kwake, mbele yangu na wageni wawili, kwamba hatatia saini mkataba wa fleti mpaka wewe mwenyewe useme lifanywe nini kabati la vyombo la Bibi. Alisema mara moja tu, kisha akaomba chai.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo jipya kuliko mengine. Sasa salamu. Hujambo? Baba Mdogo Ross na goti lake wanaendeleaje? Ulituandikia Krismasi kwamba daktari amemkataza kupanda vilima, na kwamba yeye amemkataza daktari kumkataza. Tunatumaini mmoja wao amekubali kushindwa. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha tangu Januari na mto umefika kwenye ukuta wa bustani, ila haukuingia ndani. Wana-kondoo wameanza kuzaliwa, kwa hiyo kaka Gethin anapeleka chakula cha mifugo mashambani alfajiri na kurudi ananuka zizi.

Kuhusu afya ya Mama, nina marekebisho. Yeye alikwambia kwa simu kwamba "aliteleza kidogo". Habari kamili ni kwamba alianguka ngazi kutoka juu hadi chini, akavunjika kifundo cha mkono, na akakaa sakafuni asubuhi nzima mpaka Gethin alipopitia kumletea gazeti. Mkono umeunga. Anashika kikombe bila shida, lakini sufuria bado inamshinda. Kila wiki anakwenda kwa mtaalamu wa viungo, ambaye anamwita "msichana", na Mama anamvumilia.

Baada ya hapo shirika la nyumba lilimpa fleti ya chini kule karibu na daraja, isiyo na ngazi hata moja, yenye kamba ya kuvuta kuita msaada. Ni ile aliyokuwa akikaa mwalimu Dilys, unayemkumbuka kwa kofia zake. Mama aliiona, akaipenda, akaulizia dirisha la jikoni linatazama wapi. Linatazama barabarani, akaridhika. Wanataka jibu ifikapo Jumanne tarehe 2 Aprili. Akikaa kimya itapewa anayefuata, na kwa umri wa wakazi wale, nafasi nyingine haipatikani mpaka mtu afe.

Kwa hiyo ilibidi vitu vya nyumba vipunguzwe. Unaijua nyumba ile. Hakuna kitu kilichowahi kutoka, vimekuwa vikiingia tu.

Gethin ndiye aliyeanza, na alianza vibaya. Wiki iliyopita, Mama akiwa kwa mtaalamu wake, alijaza gari mapazia, vasi, makoti ya baridi na seti nzima ya sahani za wageni, akavipeleka duka la hisani, wanakouza vitu vilivyotolewa sadaka. Alichagua lile lile ambamo Mama amejitolea kwa miaka ishirini, akichambua mifuko chumba cha nyuma. Alifikiri anamfanyia wepesi. Beryl, msimamizi wa duka, alifungua mfuko wa kwanza, akakuta kifuniko cha birika alichofuma Mama, akaufunga tena.

"We Gethin, mama yako amefariki?"

"Hajafariki. Yuko kwa mtu wa mikono."

"Basi vitu bado vina mwenyewe. Rudi navyo."

"Beryl, nimeegesha mahali pabaya."

"Ndiyo maana nakwambia haraka."

Akarudi navyo. Alipomlalamikia Mama kwamba duka la hisani limekataa hisani, Mama akamwambia kuwa kanuni hiyo aliiweka yeye. Miaka mingi nyuma mzee mmoja alitoka hospitali akapita pale dukani, akaona kodiani yake dirishani. Bintiye alikuwa amesafisha nyumba akidhani baba harudi. Mzee hakuingia kugomba. Alisimama nje tu akiitazama, mpaka Mama akaitoa akampelekea kwenye njia ya miguu. Tangu siku ile, kitu cha mtu aliye hai hakipokelewi kutoka mkononi mwa mwanawe.

Hapo nikafikiri mambo yatakwama, lakini Mama alikubali kupunguza, ila kwa namna yake. Hakutaka vitu vyake vipelekwe vikachambuliwe nyuma ya mgongo wake, kwa sababu anajua yanayotokea humo. Miaka yote hiyo amepokea mifuko kwa tabasamu na kusema, "Asante sana, hivi vitapata mtu wa kuvipenda," kisha akafunga mlango na kuitupa nusu kwenye gunia la matambara, ambayo mnunuzi huja kuyachukua kwa kilo. Alisema hatasemewa maneno hayo. Aliwaita wachambuzi waje nyumbani, wafanye kazi mbele yake.

Wakaja jana, Beryl na Idwal, yule fundi umeme mstaafu anayepima vifaa vya umeme vya duka. Mama alikaa kwenye kiti cha marehemu Baba, meza mbele yake. Aligawa sakafu sehemu tatu: ya duka, ya matambara, ya jalala. Nilimuuliza vya kuhama navyo vitawekwa wapi. Akasema vitakavyobaki mezani ndivyo hivyo.

Beryl alisahau masharti mapema. Aliinua pazia la sebuleni akaanza, "Lo, Nest, haya ni mazuri, atapatikana tu mtu wa…"

"Beryl, usinifanyie duka. Yameungua na jua."

"Upande mmoja tu."

"Na mwenye dirisha la upande mmoja hapa mjini ni nani? Matambara."

Ikaendelea hivyo. Mchezo wa kuunganisha vipande vya picha aliukataa kwa sababu hakuna aliyewahi kuhesabu vipande vyake. Kochi lilikwenda jalala. Miaka ya nyuma Baba alikata kile kitambaa chenye maandishi ya kuthibitisha kwamba haliwaki moto upesi, eti kilimkwaruza, na bila hicho sheria hairuhusu liuzwe. Idwal aliishika pasi ya umeme ya zamani, akaukunjua waya wake.

"Hii, Nest, ukiichomeka tu tutaonana mbinguni."

"Wewe tangulia ukatushikie nafasi. Jalala."

Koti la Baba aliligeuza mikono, akatazama viwiko, akalitia kwenye matambara yeye mwenyewe. Wewe ukizungumza naye usilitaje.

Ilipofika saa ya chai ukuta wa nyuma wa jikoni ulikuwa wazi, isipokuwa lile kabati. Nalieleza kwa sababu wewe uliliona mara ya mwisho mwaka 1998. Liko vile vile. Mwaloni mweusi, vishikizo vya shaba, rafu za juu zinakaribia dari, sahani za buluu zimepangwa kwa ukubwa. Kila Jumamosi Mama anazishusha zote, anazifuta vumbi, anazirudisha. Mwaka huu amezifuta kwa mkono mmoja.

Fleti ina dari fupi. Gethin amepima mara mbili na kabati haliingii. Alipendekeza akate rafu za juu.

"Tukipunguza juu kidogo tu, Mama."

"Anza na juu yako."

Beryl akasema ghala lao la samani la Newtown limekubali kulichukua. Ni upendeleo, maana mbao nyeusi siku hizi hazina mnunuzi. Vijana wakizinunua huzipaka rangi ya kijivu. Mama alilijua hilo na halikumshtua. Gari litapita huku Jumatano tarehe 27, na kilichobaki ni ruhusa tu.

"Mimi ninayo nusu," Mama akasema. "Mama yetu alilisema siku anakufa, kabati ni la wasichana wake wote wawili. Nusu nyingine ina mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Kanuni unaijua, Beryl."

Beryl ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wa damu hatujawahi kuuliza. Alikuwa anakunja mapazia, hata hakuinua kichwa.

"Nest, kwani wewe unalipenda kabati hili?"

Mama akamjibu, "Sijawahi kulipenda. Linakula jiko zima na linanuka panya. Nimelitunza kwa ajili ya Olwen. Alisema atarudi, nikataka akute sahani pale alipoziacha."

"Basi muulize."

"Nikimuuliza atafikiri namwambia asirudi."

Hapo ndipo aliposema lile nililolitanguliza juu, na akaomba chai. Idwal alikwenda kuchemsha maji. Alipoleta vikombe alizungumzia mvua.

Mama Mdogo, nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu nimewasikiliza nyinyi wawili kwenye simu tangu utoto wangu. Mnaulizana hali ya hewa, mnaulizana nani amekufa, kisha mmoja anasema simu ni ghali, ingawa siku hizi si ghali. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake neno. Nimeona bora usome hili polepole, utembee bustanini, kisha uzungumze.

Kuna na jingine la upande wako, nalo sitalificha. Binti yako Catrin aliniambia Krismasi kwamba kila anapokuuliza habari za kabati la Bibi unamkataza asilitaje, kwa kuwa Nest analipenda kuliko roho yake na hutaki aonekane kama anadaiwa chake. Nilimuuliza kama hayo ni maneno yako au ni dhana yake. Alisema ni maneno yako, na kwamba umeyarudia zaidi ya mara moja. Basi hali halisi ni hii: Mama analifuta vumbi kwa ajili yako, na wewe unalinyamazia kwa ajili yake, na hakuna hata mmoja kati yenu anayelitaka.

Kama ingekuwa ni mbao tu, ningekuomba ruhusa kwa mstari mmoja na tungemaliza. Lakini Mama hangojei ruhusa ya kabati. Wewe na Baba Mdogo mlihamia Dunedin, upande wa pili wa dunia, mwaka 1971, ukaja mara moja tu mwaka 1998, na tangu hapo kila kadi ya Krismasi imesema "mwaka kesho". Sikulaumu. Najua kupanda ndege kwa umri wenu si jambo dogo, na najua wajukuu wako wako huko. Ninachokuomba ni kimoja. Usimwambie "fanyeni mnavyoona". Hilo atalisikia kama upole, na atabaki kwenye nyumba ile na ngazi zile, akifuta sahani. Kama huji, mwambie huji. Kama unakuja, mwambie tarehe, nami nitakuja kukupokea uwanja wa ndege. Lolote kati ya hayo mawili atalibeba. Amenilea ndani ya nyumba ile, namjua. Kinachomshinda ni kutojua.

Ukisema huji atanyamaza, kisha atakuuliza kama mvua imenyesha huko. Usikate simu hapo. Ngoja. Atarudi kwenye habari.

Na hizo sahani za buluu, kama unazitaka, sema. Beryl anajua kufunga vyombo visivunjike. Kama huzitaka, sema pia. Mama atazitia sehemu ya duka kama vitu vingine, na nadhani itampumzisha mkono.

Habari nyingine ni chache. Kanisa letu limepata mchungaji mpya, mwanamke wa kutoka Bangor, ambaye hahubiri kwa muda mrefu, na watu bado hawajaamua kama hilo ni jema. Mwanangu mkubwa amepata kazi Cardiff. Yule paka wa Mama atahamia kwa Gethin. Mke wa Gethin ameshaambiwa, paka bado.

Nisalimie Baba Mdogo Ross, na umwambie goti si la kushindana nalo. Nisalimie Catrin, na umwambie asinikasirikie kwa kusema aliyoniambia, maana hakuniomba nisiseme. Watoto wake nao wape busu kutoka kwetu sote. Beryl anakusalimu ingawa hamjawahi kuonana. Anasema anakujua kwa vumbi.

Mungu akulinde, akupe afya ya mwili na ujasiri wa kinywa.

Mama nimemwambia kwamba nimekuandikia, ila sikumwambia nimeandika nini. Jumapili tarehe 24 Machi atakaa karibu na simu kuanzia saa mbili usiku. Kwenu itakuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wewe ndiye utakayepiga.

Akupendaye, asiyekuficha kitu,
Heledd