Kwa Barnabas Mwakio, Aliyemwita Kandake Mfalme

Ni mwaka mmoja kamili sasa, Baba Charity, tangu Bwana alipokuita, na leo nina habari ya kukupa. Ni ya kile kitabu chako.

Kwanza, watu wako wanakusalimu. Wale wazee wa nyumba ya kutunzia wazee ya Castle Vale, huku ugenini, uliowahudumia miaka kumi na tisa bado wanakuulizia. Gurdip, mliyekuwa mkiingia naye shifti, anasema hajaona mwingine wa kumnyoa mzee bila kumkwaruza. Hata waliokutukana asubuhi, mchana walikuwa hawali mpaka uwalishe wewe.

Kitabu kilianzia kanisani. Mchungaji alihubiri juu ya yule towashi aliyebatizwa njiani, mtunza hazina wa Kandake wa Kushi. Watu wakatoka wakimzungumzia towashi. Wewe ukaniuliza kwenye basi, "Na huyo mama mwenye hazina, mbona hakuna anayeuliza habari zake?" Kesho yake ukaenda maktaba. Ukakuta Kandake si jina, ni cheo, na kwamba mmoja wao alipigana na Warumi. Ukamtungia hadithi miaka sita, madaftari kumi na moja, kila siku usiyokuwa na kazi.

Mimi nilimwita mke mwenzangu. Siku moja nikamlalamikia Jepchirchir wa kikundi cha maombi kwamba mke mwenzangu amekushika tangu asubuhi, hata chai imepoa. Akaja na akina mama watatu kuiombea ndoa yetu. Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha ukawasomea sura nzima, wakakaa mpaka jioni.

Katika madaftari yote hayo hukumwita malkia hata mara moja. Ulimwita mfalme. Nilikuonya kwamba watu watadhani umekosea. Ukaniambia, "Nikiandika malkia, wataanza kuuliza mume wake ni nani. Huyu alikikalia kiti mwenyewe."

Tulipokwisha kukuzika, Charity akaanza kuyapiga chapa madaftari yako, yeye aliyetujibu kwa Kiingereza tangu utotoni. Wachapaji wa Nairobi tuliowapelekea wakaandika kwamba hapo pa mfalme pana kosa, turekebishe. Charity akataka kusaidia. Akaiamuru kompyuta igeuze kila mfalme awe malkia, kwa mara moja.

Nilipoletewa karatasi nikasoma kwamba Malkia wa Roma alimuaga mkewe akaenda vitani. Nikavumilia. Nikafika pale mateka Myahudi anapoomba gerezani, nikakuta anamwita Mungu wetu Malkia wa wafalme. Hapo nikasema hapana.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Nikachukua penseli, nikaweka madaftari yako upande huu na karatasi upande ule, mstari kwa mstari, tangu Kwaresima mpaka Pentekoste. Charity akasema kompyuta inaweza kuyarudisha yote kwa dakika moja. Nikamwambia kazi ya hiyo kompyuta tumeshaiona. Basi akavuta kiti, akawa ananisomea kwa sauti, mimi nasahihisha. Mwanzoni alisoma kama anayetembea juu ya kokoto. Siku hizi anaongea na dada yako Brigid kwenye simu, na Brigid anamwambia apunguze maneno.

Tulipomaliza akaniuliza, "Na wakikataa, Mama?" Nikamjibu kwamba wakikataa, kitabu kitabaki kabatini, lakini hakitatoka na neno ambalo si lako. Halafu akawaandikia barua yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kuniuliza neno hata moja. Nimeisoma. Ilianza hivi: "Baba yangu hakukosea."

Walichelewa kujibu. Niliomba, sitakudanganya, niliomba kila siku. Wiki iliyopita yakafika maboksi manne ya vitabu. Nikafungua la kwanza, nikakaa pale pale kwenye ngazi, nikasoma mstari wako wa kwanza jinsi ulivyouandika:

"Mfalme aliamka kabla ya majemadari wake, akasuka nywele zake mwenyewe."

Tunakukumbuka kwa fahari: mkeo Angeline, wanao Charity na Arnold, dada yako Brigid na jamaa wote wa Voi, pamoja na akina mama wa kikundi cha maombi, hapa kwetu Hodge Hill.

Hutasahaulika kwetu, daima.