Nyaya za Kila Mtu

Sham Shui Po, Hong Kong
12 Aprili 1994

Mwanangu Ah-King,

U hali gani huko Vancouver, baridi imekuachia? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua, na ghorofa ya tano haina huruma na magoti ya mtu. Kwenye picha umekonda. Kula. Na simu usipige, sikio langu limegoma, nasikia mvumo tu.

Nina jambo. Unalikumbuka kabati la umeme la ngazini, lenye nyaya kuu zinazopanda kutoka chini na kugawia kila nyumba? Sasa mlango wake una joto. Paka wa Mzee Tso wa ghorofa ya nne amehamia hapo, halali mahali pengine. Tulikuwa tukimcheka, mpaka juzi tuliposikia harufu ya plastiki inayoungua.

Nikaita kampuni ya umeme. Akaja kijana wao, akagusa ukuta wa chini kwa kidole. "Mpaka hapa ni zetu, mama. Kutoka hapa kwenda juu ni zenu."

"Zetu akina nani?"

"Wenye nyumba wote."

Nikaenda serikalini, wakaniambia hayo hayo, ila baada ya foleni. Wenye nyumba wote wakubaliane kwa saini, waite fundi mwenye leseni. Na jengo letu unalijua, halina kamati wala msimamizi. Hata balbu ya ngazini hubadilishwa na yule anayechoshwa na giza kwanza.

Kikwazo ni Bwana Kwok. Nyumba za chini ni zake, na mkahawa aliowapangisha watu ndio unaokula umeme kuliko sisi sote. Yuko huko huko Vancouver. Kamwone, mchukulie machungwa. Usigombane naye.

Mama yako

*

Vancouver
3 Mei 1994

Mama,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi sijambo, na ninakula, usinisumbue.

Bwana Kwok nimemwona. Machungwa alipokea. Alinipa chai, akanitembeza kunionyesha nyasi zake na mashine ya kuzikatia, nikasifu mpaka nikakosa maneno. Nilipotaja nyaya akacheka. "Binti, mimi si mtoto mdogo. Anayesaini wa kwanza ndiye mtakayemwita mwenyekiti. Jengo likiungua, mwenyekiti ndiye anayepelekwa mahakamani. Wasaini kwanza wenzangu wote, mimi nitasaini wa mwisho."

Nikamwambia, "Mama yangu analala juu ya nyaya hizo."

Akaniongezea chai.

Mama, hama kwa muda. Shangazi ana chumba kitupu kule Sha Tin. Nyaya waachie wenye nyaya.

Binti yako,
Ah-King

*

Sham Shui Po
9 Julai 1994

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi nadunda.

Unasema niwaachie wenye nyaya. Mwenye nyaya ni mimi. Na kwa shangazi yako siendi, siku ya tatu tutakuwa tumenuniana.

Sasa sikia. Nimegonga kila mlango, na kila mtu anataka asaini wa mwisho, kama huyo Kwok wako. Fundi Bing, aliyekuja kutupimia, alichoka kutusikiliza. Akachukua sahani ya mkahawani, akaifunika kwenye karatasi, akachora duara. "Sainini kwa kuzunguka. Hapa hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. Mmeridhika?" Ungecheka! Watu walionikwepa tangu Aprili walipanga foleni ngazini. Hata yule mama wa ghorofa ya pili, asiyewahi kutoa mnyororo mlangoni kwake, aliutoa.

Karatasi nimeitia humu. Pengo ulionalo kwenye duara ni la Kwok. Fanya upesi, joto limepamba moto, na Fundi Bing kasema viyoyozi vikiwashwa vyote kwa pamoja, yeye hayumo.

Mama yako

*

Vancouver
1 Agosti 1994

Mama yangu,

Amesaini! Aliigeuza karatasi kama usukani, akitafuta duara linaanzia wapi, mpaka mkewe akaita kutoka jikoni, "Saini bwana wee, supu inapoa!" Akasaini. Nimelia kwenye gari kwa furaha.

Karatasi hii hapa. Msichelewe hata kidogo. Kazi ikiisha niandikie siku hiyo hiyo, maana mpaka hapo usingizi sina.

Binti yako,
Ah-King

*

Sham Shui Po
14 Septemba 1994

Ah-King mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Usinikasirikie, kazi haijafanyika.

Karatasi iliporudi tulikuwa tumeingia mwezi wa mizimu, na hakuna aliyetaka ngazi ziwe na giza mizimu ikipita. Tukachagua siku njema kwenye kalenda, mwezi ukishaisha. Siku ilipokaribia, mke wa Mzee Tso akafariki.

Mzee amemwashia taa nyekundu ya umeme mbele ya picha yake. Unajua mwenyewe, mpaka wiki ya saba haitakiwi kuzimika, asije akapotea njia ya kurudi kutuaga. Na Bing hawezi kufanya kazi bila kukata umeme wa jengo zima, asubuhi mpaka jioni. Utasema mshumaa. Nyumba ile haijawahi kuwashwa mshumaa. Kibanda cha kwao kiliungua kule mlimani marehemu akiwa msichana, akaogopa moto mpaka anakufa.

Tulikutana mkahawani bila Mzee mwenyewe. Nani angethubutu kumuuliza? Wakanitazama mimi niliyewasumbua tangu mwanzo. Nikasema tungoje. Ni mimi niliyesema. Ungemwona anavyoifuta vumbi ile taa, hata wewe ungesema hivyo.

Mlango wa kabati naugusa kila ninaposhuka.

Mama yako

*

Vancouver
30 Septemba 1994

Mama,

Nakuamkia, ingawa nina hasira. Sina raha, sina usingizi, na niko ng'ambo ya bahari siwezi hata kumshika Bing mkono nimlete.

Mama, kuna taa za betri! Nimenunua moja, nyekundu, nimeituma leo kwa posta ya haraka. Mpe Mzee Tso, mwambie ni rambirambi zangu. Akiiwasha tu, Bing akate umeme siku hiyo hiyo.

Nimempigia simu shangazi aje akuchukue. Anasema alikuja ukamfukuza. Nakuomba, nenda kwake. Nimekupigia magoti.

Ah-King wako

*

Vancouver
13 Oktoba 1994

Mama,

Redio ya Kikantoni ya hapa imetaja moto Sham Shui Po. Mtaa hawakuutaja. Simu ya shangazi inaita tu. Nijibu hata neno moja.

Ah-King

*

Sha Tin
20 Oktoba 1994

Mwanangu Ah-King,

Mimi mzima. Niko kwa shangazi yako, na paka wa Mzee Tso yuko miguuni pangu.

Lilikuwa kabati. Mimi nilikuwa sokoni. Moshi ulijaa ngazini, Mzee Tso akashindwa kushuka, zimamoto wakamkuta amekufa nyuma ya mlango wake. Umeme ulikatika palepale, na ile taa tuliyoilinda ikazimika nayo.

Afisa wa serikali alikuja na karatasi yetu. "Nani alikuwa na dhamana ya nyaya hizi?" Tulikuwa tumesimama barabarani sote. Nikaweka kidole juu ya jina langu, nikamwambia, "Anzia hapa." Akaniambia kwa upole, "Mama, hapo ni sawa na popote," akaikunja. Kampuni ya umeme nayo ilikagua mpaka pale kwenye ukuta wa chini, ikasema zake ni nzima. Tutaandikiwa barua, kila mmoja ya kwake.

Taa yako ilikwama posta, ikafika baada ya mazishi. Wale wawili hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo nimeiwasha mimi, mbele ya picha zao. Shangazi yako ananung'unika kuwekewa wafu wa watu nyumbani kwake, lakini hajaizima.

Betri usitume, mwanangu. Zinauzwa hapa. Hata taa yenyewe, nyekundu kama hii, inauzwa duka la pili kutoka mlango wa jengo letu. Imening'inia dirishani. Nilikuwa nikipita pale kila siku.

Mama yako