Jiko la Nyumba Kumi

Baba Tekla, mume wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimengoja uitikie kwa ile sauti yako ya kukwaruza, halafu nikajiitikia mwenyewe. Basi ndivyo nilivyo siku hizi. Arobaini yako imepita, wageni wa kwenu Matombo wamerudi milimani, Tekla amerudi kazini. Nimebaki na kiti chako.

Nakuandikia kwa sababu walitaka kulibomoa jiko lako, na mtu wa kumwambia ni wewe.

Unakumbuka ulivyolichora? Siku zile kila redio ilikuwa inasema ujamaa, na ofisi yenu ya ujenzi ikakupa kazi ya kuchora kota hizi za wafanyakazi. Wenzako walizoea kupanga nyumba mstari mmoja kama mabehewa. Wewe ukazipanga kumi zikizunguka uwanja mmoja, milango inatazamana, na katikati ukaweka jiko moja kubwa la matofali, kila nyumba na mafiga yake humo ndani. Uliitandaza ramani kwenye meza ya kulia, sisi tukawa tunakula tumeshika sahani mikononi. Ukawa unaniambia, "Mama Tekla, watu wakipikia moto mmoja hawawezi kuwa maadui." Nilikuwa naona raha tu kukusikiliza.

Tukahamia. Akina mama wakaja kulitazama jiko, wakalisifu, wakageuka wakaenda kupanga mafiga yao nyuma ya nyumba. Wiki ikaisha halijatoa moshi. Ndipo Bi Mwanaidi, jirani yetu wa mlango wa pili, alipokuvaa mbele za watu: "Shemeji, umetujengea jiko au mahakama? Nikifunua sufuria, nyumba kumi zinajua leo nimechemsha mchicha mtupu!"

Watu walicheka. Wewe pia ulicheka, lakini chakula cha jioni hukukigusa. Moshi utatokea wapi ulikuwa umefikiria, maji yatapita wapi umefikiria. Aibu ya mwanamke asiye na mboga haikukujia.

Hukumlazimisha mtu. Ulihamishia bomba pale mlangoni, wakawa wanafua kivulini, wanasukana, watoto wanacheza ndani mvua ikinyesha. Mafiga yakabaki baridi, paka wakazalia humo. Miaka yote ile. Jioni nilikuwa nakuona umesimama dirishani unalitazama, nami najifanya nakunja nguo.

Halafu ukatuacha, katikati ya masika. Watu walikuja wengi, na mvua haikuwa na huruma. Kwenye kibanda changu cha kupikia nyuma ya nyumba hata watu wawili hawageuki. Mimi nimelala mkekani, sijui hili wala lile, nikasikia sauti ya Bi Mwanaidi: "Kuni zote zipelekwe kwenye jiko la shemeji!" Nikainua kichwa. Jiko lako lilikuwa linatoa moshi, Baba Tekla. Mafiga yote yanawaka. Kila mama kaja na sufuria yake, na hakuna aliyechungulia ya mwenzake, maana sufuria ya msiba haina mwenyewe.

Na mtani wako Maganga, yule Mnyamwezi wa reli! Alivaa miwani yako, akachukua rula yako, akawa anapima ugali. "Huu umepinda! Mluguru kafa kabla hajaunyoosha, sasa nani atasaini?" Kisha, kwa haki yake ya utani, akaziba mlango, jeneza lisitoke mpaka yeye apewe sahani ya kwanza kutoka jiko la marehemu. Nilicheka, na khanga ya msiba kichwani. Baadaye ndio nikalia vizuri.

Sasa Jumapili hii, baada ya misa, balozi wetu wa nyumba kumi akaitisha kikao. Si mtu mbaya. Amechoshwa na kesi za kuku na za watoto. Akasema jiko libomolewe, matofali yajenge kuta, kila nyumba iwe na ua wake. "Lenyewe limepikiwa mara moja tu," akasema. Wengi wakaitikia kwa vichwa.

Unanijua, mimi wa darasa la nne, kwenye vikao nakaa nyuma na kusuka ukili wangu. Lakini niliziona zile kuta zimeshasimama, na milango haitazamani tena. Nikasema Salamu Maria moja kimoyomoyo, nikainuka.

"Balozi, bomoeni," nikasema. "Ila kwanza anyooshe mkono yule ambaye kwake hakutatokea msiba."

Hakuna mkono ulionyooshwa. Kisha Maganga akapiga kelele: "Jamani, mjane wa Mluguru anatutangazia vifo!" Kikao kizima kikaangua kicheko, hata balozi, na hoja ikaishia hapo hapo.

Kwa hiyo lipo. Ulitaka tupike humo kila siku, na hilo halitakuwa, nakwambia kweli. Lakini siku mtu akishindwa kujipikia, atapikiwa humo. Nadhani Mungu aliisoma ramani yako kwa utulivu kuliko wewe na mimi.

Nakuahidi hivi: maadamu nina pumzi, kila Jumamosi nitawasha moto humo, moshi ufukuze mchwa kwenye boriti zako. Na ukuta hautajengwa pale mimi nikitazama.

Ningeendelea, lakini Bi Mwanaidi ananiita. Mke wa Maganga amejifungua alfajiri, mtoto wa kike, wanataka uji wa mzazi na wameshapeleka kuni jikoni kwako. Hakuna msiba, na wamepeleka wenyewe.

Pumzika, mume wangu. Bwana akuweke penye mwanga. Naenda kuchochea.

Mkeo,
Mama Tekla