Wimbo wa Mama na Mkwe Wake

Jumatatu, 10 Machi
Nimepiga pasi mashati yote ya Deo, hata ya kushindia nyumbani. Ananicheka. Mume wangu! Naandika tena: mume wangu. Nikisikia viatu vyake uani moyo unaruka kama siku ya kwanza.

Jioni aliniwekea sauti ya Mama aliyoinasa Oktoba kwetu Usoke. Ule wimbo mrefu wa wapagazi aliourithi kwa babu yake, kambi hadi kambi, kutoka Tabora mpaka pwani. Visima vyote vimo. Matusi kwa wakuu wa msafara yamo. Na mambo ya wanawake wa kambini, ambayo sikujua Mama anayajua!

Deo anasomea uzamili, mambo ya akili na kumbukumbu. Anauliza mtu asiyejua kusoma anabebaje wimbo kama ule kichwani. Sasa Mama auimbe tena, Deo alinganishe kilichobaki na kilichopotea. Tasnifu nzima imemwegemea Mama. Na ni kwa kuufuata wimbo huo aliniona mimi. Mungu fundi.

Jumamosi, 15 Machi
Usoke. Siku mbaya.

Mama alipomwona Deo alijifunika khanga akazungukia nyuma ya nyumba. Deo alidhani ni utani. Oktoba walikaa benchi moja wakimenya karanga. Akaita, "Shikamoo, mama!" Marahaba ikatokea nyuma ya ukuta.

Kisha Mama akaniita jikoni. "Mwambie mwenzio simwimbii mkwe. Mpaka mniletee mjukuu."

Nilijua. Mama hakukaa na mume wa dada yangu hata siku moja mpaka mtoto wao alipozaliwa. Nilijua na sikufikiri. Deo ni Mngoni wa Songea, nani angemwambia kama si mimi?

Mjomba hakumwacha bila kumtania. "Wewe Mngoni, umechinja kuku wa mayai!" Watu wakacheka. Deo naye akacheka, amechelewa kidogo.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya misa niliingia jikoni na kinasa sauti, peke yangu. Mama akaniimbia. Lakini mimi ni mwanawe. Akifika kwa wanawake wa kambini, anaruka. Kambi nzima nzima zikaenda hivyo.

"Mbona umeruka, mama?"

"Hayo siyo ya masikio yako. Koroga ugali."

Deo alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ukilinganisha na wa Oktoba, utadhani mama amesahau. Hawezi kuandika hivyo. Atakuwa amemsingizia.

Jumatano, 19 Machi
Msimamizi wa Deo chuoni amepiga simu. Mama aondolewe. Atafutwe mwimbaji mwingine, kazi ianze upya, na tarehe ya kukabidhi haisogei.

Deo alitaka tufunge ndoa baada ya kazi hii kwisha. Mimi nililia. Niliogopa akirudi chuoni Dar atapata msichana msomi mwenzake, mimi na kidato changu cha nne nibaki. Nikang'ang'ania harusi iwe kabla ya Kwaresima. Padri akakubali, Mama akashangilia, Deo akanipenda, basi.

Haraka ilikuwa yangu.

Hanilaumu. Angenilaumu ningelala.

Jumamosi, 29 Machi
Kuna mama mmoja Kaliua, wanasema anaujua wimbo. Labda. Deo amefunga daftari za Oktoba kwa kamba, kaziweka juu ya kabati. Nimempikia wali kwa nyama akala kidogo. Akanishukuru kwa adabu, kama mgeni. Nilikwenda kulia bafuni. Ninampenda mno, na hicho ndicho kilichomharibia.

Jumamosi, 5 Aprili
Tuko njiani kwenda Kaliua. Jana tulishuka Usoke tumsalimu Mama, tukalala kwa Mjomba, ua mmoja na Mama.

Alfajiri nimeamka, Deo ameketi kitandani, anasikiliza. Jikoni kwake Mama alikuwa anapepeta mahindi, anaimba. Alidhani tumelala. Aliimba yote. Visima, matusi, wanawake wa kambini, hakuruka hata mmoja. Hajasahau kitu.

Kinasa sauti kilikuwa juu ya begi, karibu na mkono wa Deo. Nilikitazama. Naye alikitazama. Akakitia ndani, akafunga zipu polepole isilie.

Nikaegemea bega lake. Tukasikiliza mpaka wimbo ulipofika pwani. Kisha akavaa viatu.