Sekunde Nne Kabla ya "Haya"

Baba yangu,

Shikamoo. Leo naisubiri marahaba bila haraka, maana safari hii huwezi kunikatia simu.

Unazijua hesabu zangu. Tangu niondoke Itigi kuja Singida mjini, ulinipigia kila Jumapili kwa miaka tisa, na kila simu ilikuwa sekunde kumi na moja. "Shikamoo baba." "Marahaba. Upo?" "Nipo." Kimya. "Haya." Umekata. Nimezijumlisha zote: saa moja, dakika ishirini na tano na sekunde arobaini na nane. Mkutano wa kijiji unachukua zaidi. Nilinuna ukiwa hai, na ulipofariki sikuacha. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, nikifagia duka la kompyuta la mtu hapa mjini ili niachiwe kibodi saa ya chakula. Hukuwahi kuuliza nimejua nini.

Basi sikiliza sasa. Kwenye zahanati ninakofanya kazi kuna jokofu la chanjo, na kompyuta inayoandika joto lake kila dakika tano. Programu inayoandika ni ya aina iitwayo huduma, haina dirisha. Inafanya kazi huko nyuma, kimya, huwezi kuiona ikihema. Ikizimika, hakuna anayejua mpaka chanjo za watoto ziharibike. Kwa hiyo niliandika faili la bechi, yaani orodha ya amri, mistari sita tu: liiulize kompyuta hali ya huduma ile, litafute neno RUNNING, yaani inafanya kazi, kwenye jibu, likilikosa liiwashe huduma upya. Kila robo saa linajiendesha lenyewe. Nilijiona fundi.

Mwezi uliopita muuguzi akaniita. "Dada, jokofu linatoka jasho, mbona mashine yako inasema nyuzi nne?" Nikaliendesha faili langu kwa mkono: RUNNING. Nikafungua daftari la joto: mstari wa mwisho ulikuwa wa saa tatu zilizopita. Huduma ilikuwa inaitika "nipo" huku imeshika kalamu bila kuandika. Kipimo cha ndani ya jokofu kilikuwa hakijavuka nyuzi nane, mpaka wa chanjo kuharibika. Tukaziwahi chanjo, tukazihamishia kwenye kasha la barafu.

Baadaye nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta, na nikawa siko pale. Nikawa mtoto tena, msituni, kwenye miyombo, nimeshika kamba, nawe uko juu ya mti kwenye mzinga wako wa nyuki wa kumi na saba. Mimi chini, maana ulisema msichana hapandi kwenye nyuki. Hilo nalo sijalisahau. Unagonga kwa kifundo cha kidole, mara moja. Unaweka sikio. Majani hayatikisiki, na wewe hushuki.

"Baba, si wamejibu? Shuka!"

"Kujibu wamejibu. Nasikiliza wanajibuje."

"Si ufungue uone?"

"Ukiwafungulia kila ukija, watahama."

Nikahesabu upya, Baba. Maneno yetu hayakufika sekunde kumi na moja. Yalikuwa saba. Nne zilikuwa zile za kimya, baada ya "nipo" yangu, kabla ya "haya" yako. Miaka yote nilidhani unatafuta kitufe cha kukata.

Na ile Jumapili nilipokuwa nimeachishwa kazi, nimelala na homa, nikakwambia "nipo" kama kawaida. Kimya kile nilikiona kirefu. Jumanne ukatokea stendi na chupa ya asali. "Nimekuja kununua kamba," ukasema. Nikanuna tena: kumbe umefuata kamba! Ukarudi Itigi bila kamba, na mimi mwenye hesabu sikuliona hilo.

Faili langu sasa lina mistari tisa. Likishaona RUNNING haliondoki. Linapima kwanza kama daftari la joto limekua tangu lilipouliza mara ya mwisho. Likikuta halijakua, linaiwasha huduma upya na kupiga kengele.

Nimekusamehe robo tatu. Robo iliyobaki ni ya ule mti ulionikataza kupanda. Lakini juzi nilikuwa Itigi, na safari hii kaka Elia ndiye aliyeshika kamba. Nilipanda mpaka kwenye ule mzinga wa kumi na saba, nikagonga mara moja, nikaweka sikio.

"We dada, wapo?" akapaza sauti. "Au umelala huko?"

Nikamwacha asubiri sekunde nne.

"Wapo," nikamwambia.

Haya, Baba.

Binti yako,
wa chini na kamba