Misuko Mitatu

Jumatano, 14 Machi 1951, Kisarawe. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu tangu saa kumi na mbili, hakuna upepo.

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu mume wangu Rajabu awekwe rumande Dar es Salaam. Wanasema ameua wanawake watatu, Mbwawa, Kwala na hapa Kisarawe, kwa kuwa huko kote hupita na baiskeli yake akiuza khanga.

Nimezoea kuamka nikamwekea maji ya kuoga. Leo nimeyaweka tena. Kisha nikayamwaga kwenye mchicha.

Kabla hajakamatwa, maelezo ya vifo vyote vitatu niliyapiga taipu mimi, ofisini bomani. Bwana Inspekta alikuwa akisema muuaji ni mwanamume, msafiri, anayechukia wanawake. Nami nikawa naandika sifa za muuaji huyo humu daftarini. Anajua njia. Watu humfungulia mlango. Ana maneno matamu.

Nilikuwa nimemwandika mume wangu.

Hilo sijamwambia mtu. Siku mbili nzima nilimwogopa, huku nanusa shati lake.

Lakini mwenye chuki hamwachi aliyemuua hivi: wote watatu walinyooshwa, wakafungwa kidevu, wakafunikwa vizuri. Nywele zimesukwa misuko mitatu. Hayo ya nywele niliyapiga taipu mara tatu bila kushtuka. Mwanamke kusukwa, ajabu iko wapi?

Mchana nilikwenda kwa Bi Mwanaidi, mwosha maiti, ndiye aliyemwosha marehemu mama yangu.

"Maiti wa kike ndiye husukwa mitatu," akasema. "Wanaume watajulia wapi? Wao wako nje wanangoja jeneza. Mumeo alipofiwa na mamaye alijificha shambani mpaka tukamaliza. Huyo hata kuku humchinjisha jirani, mwanangu."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu wamchukue.

Kisha nikamwuliza waosha wa kike wako wangapi kutoka hapa mpaka Kwala.

"Tuko wanne," akasema, akaanza kukunja mkeka.

Barua ya kumweleza Bwana Inspekta habari za misuko nimeshaiandika. Rajabu akitoka, mmoja wa wanawake hao wanne ataingia mahali pake, na huenda ni yule aliyemsuka mama yangu kwa mara ya mwisho. Nalijua hilo, na bado namtaka mume wangu. Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni pa boma.

Saa tano na dakika kumi usiku. Nazima taa, nalala.